Kongosho Nalo Husikia Hofu

Kwenye kliniki nyingi za kisukari, namba ikishapanda kwenye kipimo, swali la kwanza la muuguzi ni lilelile: umekula nini jana? Mgonjwa anajitetea. Soda hajagusa, ugali alikula wa dona tena kiduchu, chai aliacha kuitia sukari tangu mwaka juzi. Muuguzi anatikisa kichwa, anaandika kwenye kadi, anamwita anayefuata.

Mara nyingi muuguzi ana sababu ya kushuku, maana watu husahau chapati. Lakini zipo siku ambazo mgonjwa anasema kweli tupu, na sukari yake imepanda bila kupitia mdomoni. Labda amekesha siku tatu akimuuguza mtu wodini. Labda ana jipu au homa ya mapafu ambayo bado haijagundulika. Labda ameanza dawa nyingine, aliyoandikiwa na daktari mwingine, kwa ugonjwa usiohusiana kabisa na kisukari. Katika hali zote hizo kongosho limepata amri kutoka kwingine, likaitii, na insulini ikabaki ndani.

Amri hizo huletwa kwa sehemu kubwa na kemikali ziitwazo monoamini. Majina yake mengi tunayasikia kila siku, ingawa tunayahusisha na ubongo: adrenalini na noradrenalini za hofu na mapambano, dopamini ya hamu na mwendo, serotonini ya usingizi na hali ya moyo. Zote hutengenezwa na mwili kutokana na asidi amino zilizomo kwenye protini tunayokula. Tairosini huzaa dopamini, dopamini huzaa noradrenalini, nayo noradrenalini huzaa adrenalini. Serotonini ina chanzo chake peke yake, triptofani. Wataalamu wa kisukari wanajua kwa zaidi ya nusu karne kwamba kemikali hizi zina sauti kwenye kongosho. Kinachonishangaza ni jinsi habari hiyo isivyofika kwenye benchi la kliniki, mahali ambapo mgonjwa bado analaumiwa kwa kila kijiko.

Wazee wa zamani hawakuwa na mashaka kuhusu uhusiano wa ubongo na kisukari. Thomas Willis, tabibu wa Kiingereza wa karne ya 17 aliyeandika kuhusu utamu wa mkojo wa wagonjwa wa kisukari, aliitaja huzuni ya muda mrefu kuwa miongoni mwa vyanzo vya maradhi hayo. Mwaka 1849, Claude Bernard wa Paris alichukua sungura, akamchoma kwa sindano sehemu ya chini ya ubongo, karibu na uti wa mgongo unapoanzia, na muda si mrefu mkojo wa sungura ukawa na sukari. Visiwa vya kongosho vilikuwa bado havijaonwa na mtu; Paul Langerhans, kijana aliyekuwa akisomea udaktari Berlin, alikuja kuvieleza mwaka 1869 bila kujua kazi yake ni nini. Kisha ikaja Toronto. Majira ya joto ya 1921 Frederick Banting na Charles Best walikuwa wakihangaika na mbwa maabarani, na Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akachomwa insulini. Ushindi ule ulikuwa mkubwa kiasi kwamba sungura wa Bernard alibaki kuwa hadithi ya vitabuni. Kisukari kikawa shauri la kongosho na chakula, basi.

Tuingie ndani ya kisiwa kimoja. Kongosho la mtu mzima lina visiwa takribani milioni moja, na vyote kwa pamoja havizidi asilimia moja au mbili ya uzito wake. Ndani ya kila kisiwa zimo seli za beta, na kila seli imejaa maelfu ya vifuko vidogo vilivyosheheni insulini. Sukari ikipanda kwenye damu, inaingia ndani ya seli na kuchomwa kama kuni ya kazi. Nguvu inayopatikana hufunga milango midogo ya potasiamu kwenye ukuta wa seli. Milango ile ikifungwa, umeme wa ukuta hubadilika, milango ya kalsiamu hufunguka, kalsiamu humiminika ndani, na vifuko vilivyokwisha kupanga foleni ukutani hupasukia nje. Vidonge vya glibenklamidi, ambavyo wagonjwa wengi wa huku kwetu wanavijua kwa jina la Daonil, hufanya kazi palepale: huifunga milango ya potasiamu hata kama sukari haijapanda, na ndiyo maana anayevimeza bila kula huanguka.

Hiyo ni njia ya sukari. Sasa lete adrenalini.

Ukuta wa seli ya beta una vipokezi, yaani protini zilizokaa zikisubiri kemikali fulani izishike. Vipokezi vya adrenalini viko vya aina mbalimbali, na matokeo hutegemea aina iliyoguswa. Kengele ya shule ikilia saa nne ni kengele moja, lakini wanafunzi huitikia kwa kutoka mbio na mpishi wa uji huitikia kwa kuinama juu ya sufuria. Kwenye moyo, adrenalini hukuta kipokezi cha beta-1 na mapigo yanakwenda kasi. Kwenye seli ya insulini, hukuta hasa kipokezi kiitwacho alfa-2A, na seli inafunga kazi.

Inafunga kwelikweli, na kwa zaidi ya njia moja. Kwanza kipokezi hicho hupunguza kemikali ya ndani iitwayo cAMP, ambayo kwa kawaida huchochea utoaji wa insulini. Pili, hufungua milango ya potasiamu, kwa hiyo umeme uliotaka kupanda unarudishwa chini. Na la tatu, ambalo kwangu ndilo la ajabu zaidi, hukatiza kazi mwishoni kabisa: hata kalsiamu ikiwa imekwisha kuingia, vifuko vinazuiwa kuungana na ukuta. Sukari inaweza kuwa imejaa nje na amri yake imepita hatua zote, lakini insulini haitoki. Seli hiyohiyo inavyo pia vipokezi vya beta-2, ambavyo huisukuma itoe insulini, ila adrenalini ikija kwa wingi alfa-2A ndiyo hushinda.

Aliyeonyesha jambo hili waziwazi kwa binadamu ni Daniel Porte pamoja na wenzake wa Seattle, Marekani, mwaka 1966. Watu wazima wenye afya walitiwa adrenalini polepole kwenye mshipa. Sukari ya damu ikapanda. Mtu angetarajia insulini iifuate, lakini insulini ilibaki chini muda wote dripu ilipokuwa ikitiririka. Dripu ilipofungwa, insulini ikaruka juu ndani ya dakika chache, ishara kwamba ilikuwepo tayari na kilichokosekana ni ruhusa. Majaribio yaliyofuata yalitumia dawa inayoziba vipokezi vya alfa, na kizuizi kikaondoka. Kuanzia hapo ilikuwa vigumu kudai kwamba kongosho linasoma sukari peke yake.

Kwa nini mwili ujinyime insulini wakati sukari ipo? Kwa sababu insulini kazi yake ni kuweka akiba, na mtu anayekimbizwa na nyati hana haja ya akiba. Ubongo na misuli inayofanya kazi huweza kuchukua sukari bila kungoja insulini nyingi. Wakati huohuo ini huamrishwa kumwaga sukari yake, na seli za alfa, majirani wa seli za beta kwenye kisiwa, hutoa glukagoni ya kuliongezea ini msukumo. Mpango mzuri sana kwa dakika kumi za hatari. Balaa linaanza pale hatari inapokuwa ya wiki nzima: maambukizi makali, kuungua moto, mfupa uliovunjika, mshtuko wa moyo. Ndiyo maana kwenye wodi za wagonjwa mahututi mtu ambaye hajawahi kuwa na kisukari anaweza kukutwa na sukari ya 12 au 14 (milimoli kwa lita), kisha akapona na sukari ikarudi mahali pake. Mganga mzoefu hakimbilii kumbandika jina la ugonjwa wa maisha siku ile. Humrudia baadaye na kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili au mitatu iliyopita.

Upo pia uvimbe adimu wa tezi zilizo juu ya figo, feokromositoma, unaomwaga adrenalini na noradrenalini bila mpangilio. Wagonjwa wake huja na presha ya kupanda ghafla, maumivu ya kichwa, jasho, moyo kwenda mbio, na baadhi yao huwa na sukari ya juu. Uvimbe ukikatwa, kisukari huweza kuisha. Na daktari wa usingizi hutakiwa kuwa macho saa za kwanza baada ya upasuaji, kwa kuwa insulini iliyokuwa imezuiliwa sasa inaachiwa na sukari inaweza kuporomoka. Ni jaribio la Seattle, safari hii limefanywa na maradhi.

Suala la alfa-2A lilirudi kwa nguvu mwishoni mwa 2009, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund huko Sweden walipotoa kazi yao iliyochapishwa kwenye jarida la Science. Walianza na panya wa maabara wenye kisukari cha kurithi, wakakuta wana vipokezi vya alfa-2A kupita kiasi. Wakageukia binadamu, wakaona kwamba baadhi ya watu wamerithi namna ya jeni ya kipokezi hicho inayowafanya wawe na vipokezi vingi zaidi kwenye visiwa vyao, vifuko vya insulini vinavyofika ukutani vichache zaidi, na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kisukari cha aina ya pili. Mwaka 2014 kundi hilohilo lilijaribu dawa kwa wagonjwa 50, waliochaguliwa kwa kuangalia jeni hiyo. Dawa ilikuwa yohimbini, ambayo huziba vipokezi vya alfa-2. Kwa wenye jeni ya hatari, utoaji wa insulini uliongezeka.

Hapa lazima niweke mkono kifuani na kuonya. Yohimbini hutokana na gome la mti unaoota Kameruni, Gabon na Kongo, na unga wa gome hilo huuzwa sehemu nyingi duniani kama dawa ya nguvu za kiume, bila kipimo wala lebo ya kuaminika. Dawa inayoziba breki ya kongosho huziba pia breki nyingine za mwili. Presha inapanda, moyo unadunda, mtu anajawa na wasiwasi. Wagonjwa wa Sweden waliipata kwa miligramu zilizopimwa, wakiwa chini ya uangalizi. Mwenye kisukari, ambaye mara nyingi ana presha pia, akinunua kichupa cha mtaani kwa sababu amesoma kwamba kinasaidia insulini, anatafuta kiharusi.

Dopamini ina kisa kingine, na kwa maoni yangu ndicho chenye uzito mkubwa zaidi kwa hospitali zetu. Seli ya beta huchukua malighafi ya dopamini kutoka kwenye damu, huitengeneza dopamini yenyewe, na huitoa. Dopamini ile inarudi kushika vipokezi vya kundi la D2 kwenye ukuta wa seli hiyohiyo na za jirani, na kupunguza kasi ya insulini. Mwaka 2005 maabara ya Geneva, Uswisi, ilionyesha vipokezi hivyo kwenye seli za beta, za binadamu zikiwemo. Seli inatoa insulini na wakati huohuo inatoa kidhibiti chake, isije ikavuka mpaka.

Sasa zifikirie dawa za magonjwa ya akili. Tangu klorpromazini ilipoanza kutumika Paris mwaka 1952, karibu kila dawa ya kutuliza saikosi imefanya kazi kwa kuziba vipokezi vya D2. Tunazimeza kwa ajili ya ubongo, lakini damu haina ubaguzi, inazipeleka hadi kongosho. Olanzapini na klozapini ndizo zenye sifa mbaya zaidi: huziba pia vipokezi vya histamini na vya serotonini vinavyohusika na shibe, mgonjwa anakula bila kutosheka, uzito unapanda, na kisukari kinafuata. Lakini wapo waliopata sukari ya kutisha kabla uzito haujaongezeka, wengine wakafikia hatua ya damu kujaa asidi. Mwaka 2003 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza dawa za kizazi kipya za kundi hili ziwekewe onyo kuhusu sukari, na mwaka uliofuata vyama vya madaktari wa kisukari na wa magonjwa ya akili vya nchi hiyo vikakubaliana kwamba mgonjwa apimwe sukari, uzito, kiuno, presha na mafuta kabla ya kuanza dawa, kisha arudiwe kwa ratiba.

Si haki kuzibebesha dawa lawama yote. Henry Maudsley wa London aliandika mwaka 1879, miaka zaidi ya 70 kabla ya klorpromazini, kwamba kisukari huonekana mara kwa mara kwenye familia zenye wagonjwa wa akili. Huenda njia za dopamini zenyewe zina hitilafu inayogusa pande zote mbili. Na isisomeke kwamba mtu aache dawa. Kurudiwa na saikosi kunaua, na kunavunja familia. Ninachodai ni kidogo na cha bei rahisi: kijiti kimoja cha kupimia sukari siku mgonjwa anapoanzishiwa olanzapini, na kingine anaporudi kuchukua dozi. Ndugu anayemsindikiza anaweza kuuliza mwenyewe. Kiu isiyoisha na kukojoa kila mara kwa mtu anayetumia dawa hizi kusichukuliwe kuwa sehemu ya wazimu wake.

Upande wa pili wa sarafu ya dopamini ni bromokriptini, kidonge cha zamani kinachoamsha vipokezi vya D2, kilichowahi kutumika kukausha maziwa ya mama na hadi leo hutumika kwa uvimbe fulani wa tezi ya pituitari. Mei 2009 FDA iliruhusu aina yake moja itumike kwa kisukari cha aina ya pili. Humezwa asubuhi, ndani ya saa mbili baada ya kuamka, pamoja na chakula, kwa kuwa inakusudiwa kurekebisha wimbi la dopamini la ubongoni ambalo hupanda alfajiri. Ukiangalia kongosho peke yake utashangaa: dawa inayoamsha kizuizi cha insulini inawezaje kushusha sukari? Jibu kubwa liko ubongoni, kwenye haipothalamasi, ambako dopamini hupunguza amri za kulisukuma ini limwage sukari. Kemikali moja, kiungo tofauti, matokeo yanayopingana. Binafsi naona hapa ndipo somo lote la monoamini linapowatoa jasho hata mabingwa.

Serotonini nitaieleza kupitia mimba, kwa kuwa ndipo inapong'aa. Karibu asilimia 90 au zaidi ya serotonini ya mwili hutengenezwa tumboni, kwenye utumbo, wala si kwenye ubongo. Mwaka 1963 wanasayansi wawili wa Sweden, Bengt Falck na Bo Hellman, waliikuta pia ndani ya visiwa vya kongosho. Imo ndani ya vifuko vilevile vya insulini, na hutolewa pamoja nayo. Kwa miaka mingi ilionekana kama abiria tu.

Mjamzito ana kazi ngumu. Homoni za kondo la nyuma humfanya asiitikie insulini vizuri, ili sukari ibaki kwenye damu na kumfikia mtoto. Ili yeye mwenyewe asiingie kwenye kisukari, kongosho lake linapaswa kuongeza insulini. Mwaka 2010 timu iliyohusisha watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ilichapisha kwenye Nature Medicine maelezo ya namna panya wanavyofanya. Homoni za mimba zilezile zinazoandaa maziwa huiamsha jeni ya kutengeneza serotonini ndani ya visiwa, na serotonini inafurika. Inashika kipokezi cha 2B kwenye seli za beta, na seli zinaanza kugawanyika na kuongezeka. Panya wajawazito walionyimwa triptofani kwenye chakula, au waliozibwa kimeng'enya cha kutengeneza serotonini, hawakuongeza seli na sukari yao ikaharibika. Karibu na kujifungua, kipokezi kingine, 1D, hujitokeza kwa wingi na kusimamisha ukuaji. Kwa wanawake ongezeko la seli ni dogo kuliko la panya, kwa hiyo isichukuliwe kwamba kisukari cha mimba kimepatiwa chanzo na dawa. Lakini ukiona homoni ya maziwa ikizungumza na kongosho kwa lugha ya serotonini, unaelewa kwa nini ugonjwa huu hauwezi kuelezwa kwa wali na mihogo peke yake.

Hata ndani ya seli serotonini haikai bure. Watafiti wa Berlin walionyesha mwaka 2009 kwamba hujibandika moja kwa moja kwenye protini zinazoendesha vifuko vya insulini. Panya wasioweza kuitengeneza nje ya ubongo wakawa na kisukari.

Nikipita njiani tu: gome la msesewe, ambalo Wachagga hulitia kwenye mbege kuipa uchungu wake, ni la mti wa jenasi ya Rauvolfia. Ndugu yake wa India ndiye aliyewapa wanakemia wa Basel reserpini mwaka 1952, dawa ya presha iliyofanya kazi kwa kuzuia monoamini zisihifadhiwe kwenye vifuko vyake. Protini inayopakia monoamini, ambayo reserpini huiziba, imo pia kwenye seli za beta za binadamu, na watafiti wa New York walijaribu kuitumia kama alama ya kuhesabia seli hizo kwa picha, mgonjwa akiwa hai. Wazo zuri, ila alama hiyo hushika pia tishu nyingine za kongosho na hesabu ikachafuka.

Mirungi nayo ina mahali hapa. Kathinoni iliyomo ni jamaa ya amfetamini, na husukuma dopamini na noradrenalini zitoke kwenye ncha za neva. Mtafunaji anahisi moyo ukienda mbio na njaa ikikatika. Mwenye kisukari aliyemeza vidonge vyake asubuhi akaruka mlo wa mchana kwa sababu ya handasi, yaani msisimko wa mirungi, kisha akaukata uchungu wa jani kwa soda mbili, amejipandisha na kujishusha ndani ya siku moja, na kipimo cha asubuhi ya pili hakitamweleza lolote la maana.

Lililobaki ni propranolol, kidonge cha bei nafuu kinachotolewa kwa presha, kwa tezi ya shingo, kwa kipandauso na kwa mikono inayotetemeka. Huziba vipokezi vya beta. Kwa anayejichoma insulini, jambo hilo si dogo. Sukari inaposhuka kupita kiasi, adrenalini ndiyo hupiga mbiu: moyo unadunda, mikono inatetemeka, mtu anajua atafute juisi. Aliyejichoma insulini nyingi hasaidiwi na alfa-2A, kwani insulini imetoka kwenye sindano na hakuna kipokezi kinachoweza kuirudisha; anategemea ini limwage sukari na dalili zimwamshe. Propranolol huzima mdundo na mtetemo, na hupunguza msaada wa ini. Jasho hailizimi, kwa sababu neva za tezi za jasho hutumia asetilikolini, ambayo haimo kwenye ukoo wa monoamini. Kwa hiyo anayetumia insulini na propranolol pamoja, akilowa jasho la baridi ghafla, hata kama moyo umetulia tuli, apime sukari papo hapo. Na kama hana kipimo karibu, ale kitu kitamu kwanza.